Umeme Ukikatika na Kurudi Papo Hapo
Mhadhara kwa wananchi kuhusu taa na vifaa vya nyumbani



Nilipoalikwa nizungumzie kukatika kwa umeme, niliomba nisizungumzie ule unaokatika saa sita nzima. Huo kila mtu anaujua. Una jenereta zake, una mishumaa yake, na wakati mwingine una hata ratiba. Nimeomba nizungumzie umeme unaokatika na kurudi kabla hujamaliza kuguna. Taa zinafifia, zinarudi. Mpira uliokuwa ukiutazama umetoweka, king'amuzi kinajiwasha upya, na hadi kipate mawimbi bao limeshafungwa. Jikoni friji inaunguruma kidogo, inanyamaza. Kesho yake unaibeba televisheni kwa fundi, naye anakuambia bila hata kuifungua, "Umeme ulirudi na nguvu, mama." Unalipa, unaondoka.

Naheshimu sana mafundi, lakini maelezo hayo mara nyingi si kweli, na yanatutia hasara kwa sababu yanatupeleka dukani kununua kinga isiyohusika. Mara nyingi umeme hurudi na nguvu ileile, au pungufu. Kinachoharibu ni muda. Kila kifaa kina muda kinaoweza kuvumilia bila umeme na muda kinaohitaji kupumzika kabla ya kuwashwa tena, na tukio la nusu sekunde huangukia pabaya katikati ya nyakati hizo mbili. Ndiyo maana umeme ukikonyeza mara moja, kitu kimoja hakitambui, cha pili kinazimika, na cha tatu kinakufa, vyote ndani ya nyumba moja.

Tuanze ukutani. Soketi yako inatoa volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Ndani ya muda huo umeme unapanda hadi volti 325 upande mmoja, unashuka hadi sifuri, unapanda tena upande wa pili, unarudi sifuri. Kwa hiyo hata siku ambayo shirika letu la umeme, TANESCO, halina lawama yoyote, umeme wako unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Mtengenezaji wa televisheni analijua hilo, kwa hiyo ameweka ndani akiba ya kuvuka mapengo hayo ya milisekunde chache. Tutarudi kwenye akiba hiyo, maana ndiyo inayoamua mengi.

Sasa kwa nini umeme ukonyeze? Sababu kubwa iko juu ya nguzo. Umeme unaokuja mtaani kwetu husafiri kwa nyaya tupu za volti 11,000 au 33,000, na nyaya tupu zina maadui wengi: tawi la mwembe, kuti la mnazi lililolowa, kunguru mwenye kipande cha waya kwa ajili ya kiota chake. Huku Pwani kuna adui asiyeonekana, chumvi. Upepo wa bahari unaipaka kwenye vikombe vinavyoshikilia nyaya, kiangazi kizima inajikusanya, na manyunyu ya kwanza yakija chumvi inalowa, umeme unatambaa juu ya kikombe hadi kwenye chuma cha nguzo. Cheche moja kubwa, kisha basi. Tawi limeungua na kuanguka, kunguru naye ndiyo hivyo tena, na laini ni nzima.

Kwa kuwa hitilafu nyingi za nyaya za juu hupita zenyewe namna hiyo, wahandisi waliweka kwenye laini swichi inayojirudisha. Inakata, inasubiri sehemu ya sekunde au sekunde chache, inarudisha. Hitilafu ikiwa bado ipo inakata tena, inajaribu tena, na baada ya majaribio machache inaacha kabisa, ndipo gari lenye ngazi linapolazimika kuja. Kwa hiyo kule kukatika na kurudi kunakokuudhi mara nyingi si uzembe wa mtu. Ni mtambo uliofanya kazi yake na kukuepusha na giza la saa tatu. Nalisema hili nikijua halitapigiwa makofi.

Kuna aina ya pili, ambapo umeme haukatiki bali unayumba tu, taa zinafifia na kurudi. Hapo hitilafu haiko kwenye laini yako. Iko kwenye laini ya jirani, fida nyingine inayotoka kituo kilekile cha kupozea umeme. Kwa zile milisekunde mia moja au mia tano kabla swichi ya jirani haijakata, mkondo mkubwa unamiminika kwenye tawi lake, na volti za kila anayetegemea kituo hicho zinashuka. Wao wamekosa umeme, ninyi mmeyumba. Ndiyo sababu unaweza kuona taa zikififia usiku mtulivu usio na upepo wala mvua: mwembe wenyewe uko kilomita kumi kutoka kwako.

Wanyama wakiingia, mambo yanaweza kufika mbali zaidi. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja nchini Kenya alipanda juu ya paa la kituo cha kufua umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikajikata, mitambo mingine ikazidiwa, megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme. Tumbili alinusurika, akachukuliwa na wahifadhi wa wanyamapori.

Sababu nyingine zipo hapahapa mtaani. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, kwa sekunde moja au mbili. Mwenye mashine ya kusaga akiwasha, mtaa mzima unaona. Fundi wa kuchomelea mageti ni msumbufu zaidi, kwa sababu haanzi mara moja akatulia: anagusa, anaacha, anagusa, anaacha, na taa zenu zinafuata mkono wake.

Nimeweka taa nne juu ya meza hii. Waliopo ukumbini wataona wenyewe. Kwa atakayesoma maneno haya yakichapishwa, nitaeleza kinachotokea. Taa zote zimeunganishwa kwenye transfoma yenye njia mbili, moja ya volti 230 na moja ya volti 160, na kijana wangu anabonyeza kitufe kinachozihamisha kwenda 160 kwa theluthi moja ya sekunde kisha kuzirudisha. Hakuna umeme unaokatika. Ni kuyumba tu, kwa kiasi kinachotokea kweli mitaani.

Ya kwanza ni balbu ya kizamani, ile ya waya wa ndani unaowaka. Anabonyeza. Inafifia, inakuwa nyekundunyekundu, inarudi taratibu. Waya ule una joto, na joto haliondoki ghafla. Lakini mwanga wake hushuka kwa kasi kuliko volti: ukipunguza volti kwa asilimia 10, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, na kwa volti 160 unabaki na chini ya theluthi.

Ya pili ni tyubu ndefu, yenye choki na stata. Anabonyeza. Imezimika kabisa, na volti ziliporudi mmeona stata ikipepesa mara mbili tatu kabla haijakubali kuwaka. Gesi ndani ya tyubu inahitaji volti za kutosha ili iendelee kupitisha umeme. Zikipungua, njia inafungika na kazi inaanza upya. Taa kubwa za viwanjani na barabarani za aina ya sodiamu au metali halaidi zina tabia hiyo kwa ukali zaidi. Zikishakuwa moto haziwezi kuwaka tena mpaka zipoe, na za metali halaidi zinaweza kuchukua dakika tano, kumi au hata zaidi. Umeme ulikatika nusu sekunde, mechi ikasimama robo saa.

Ya tatu na ya nne zote ni LED, zinafanana kwa sura, na bei zake hazifanani. Anabonyeza. Moja imezimika kama kisu kimekata, nyingine haikutikisika. Rudia, kijana. Mnaona. Tofauti yao iko ndani. Ile ya bei rahisi ina vijitaa vingi vimepangwa mfululizo, na ili msururu ule uwake unahitaji, tuseme, volti 250. Kilele cha volti 230 ni 325, kwa hiyo siku ya kawaida unawaka vizuri. Kilele cha volti 160 ni 226 tu. Hakifiki, na kisipofika hakuna mwanga hata kidogo. Ile nyingine ina saketi inayopokea volti za juu au za chini na kuvipa vijitaa vyake mkondo uleule. Kwake 160 au 230 ni mamoja.

Kwa hiyo mtu anaponiambia, "Tangu nibadilishe taa nikaweka LED, umeme wa mtaani kwetu umeharibika," simcheki. Umeme ni uleule. Balbu yake ya zamani ilikuwa ikimfichia aibu ya laini kwa joto la waya wake, na LED ya bei rahisi haifichi kitu. Kinyume chake nacho hutokea: aliyenunua nzuri anadhani mtaa wake una umeme safi kuliko wa jirani.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha kidogo. Dunia ina kipimo rasmi cha kero ya taa kuchezacheza, kilichowekwa na tume ya kimataifa ya viwango vya umeme. Kifaa cha kupimia kimetengenezwa kuiga vitu viwili: jicho la mtu, na balbu ya waya ya wati 60. Waliopima waligundua kuwa jicho huudhika zaidi mwanga ukicheza karibu mara tisa kwa sekunde, na kwa kasi hiyo mabadiliko ya robo ya asilimia ya volti, yaani kama nusu volti tu kwenye 230, tayari yanaweza kutambulika. Kipimo kizuri sana. Ila Ulaya yenyewe iliziondoa balbu hizo madukani hatua kwa hatua kati ya mwaka 2009 na 2012, na hata hapa kwetu kuipata hii niliyoileta leo kumenizungusha. Kipimo kimesalia na balbu yake ndani, na taa ambazo watu wanazo majumbani zina tabia nyingine.

Tuje kwenye vifaa. Akiba niliyoitaja mwanzo inaitwa kapasita. Ukifungua televisheni au chaja ya kompyuta utaona kopo dogo jeusi au la buluu, limeandikwa volti 400 au 450, na pembeni nyuzi joto 85 au 105. Tafadhali usilifungue kwa kunisikia mimi: linaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Kazi yake ni ya tanki la maji uani. Maji ya bomba yakikatika unaendelea kufua mpaka tanki likauke, na muda wenyewe unategemea ukubwa wa tanki na idadi ya ndoo.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme televisheni ina kapasita ya maikrofaradi 100, imejazwa hadi volti 325. Ndani yake kuna nishati ya juli 5 na ushei. Saketi inaweza kuendelea kufanya kazi mpaka volti zishuke kama 150, hivyo zinazotumika ni juli 4 hivi. Televisheni inayokula wati 60 itazimaliza kwa karibu milisekunde 70. Televisheni ileile ikiwa imezimwa kwa rimoti, inakula wati moja, akiba hiyohiyo inaichukua sekunde nne. Umeme ukikatika kwa nusu sekunde, ile inayotazamwa inazimika, na ya chumbani iliyolala haijui kama kuna kilichotokea.

Hapo msidhani mtengenezaji amewapunja. Wenye viwanda vya kompyuta Marekani walikubaliana zamani juu ya mchoro unaosema kifaa kivumilie nini: kukosa umeme kabisa kwa milisekunde 20, yaani mzunguko mmoja kwa hesabu zetu, asilimia 70 ya volti kwa nusu sekunde, asilimia 80 kwa sekunde 10. Kompyuta ya mezani ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hutarajiwa kuvuka kama milisekunde 16 tu. Sasa linganisheni na ile swichi ya nguzoni inayosubiri sehemu ya sekunde au zaidi. Hazikupangwa zikutane. Karibu chochote kilicho kazini kisicho na betri ndani kitazimika, kiwe cha laki moja au cha milioni tatu. Kompyuta mpakato inavuka kwa sababu ina betri, basi.

Kuzimika si kufa, lakini kuna hali mbaya kati ya hizo mbili, nayo inatutesa zaidi kwenye ruta na ving'amuzi. Volti zikishuka bila kufika sifuri, sehemu ya ubongo wa kifaa inapoteza kumbukumbu na sehemu nyingine haipotezi. Ruta inabaki na taa zote za kijani, intaneti hakuna. Hapo ushauri wa mtoto wa jirani ni wa kisayansi kabisa: chomoa, subiri nusu dakika, chomeka. Ile nusu dakika ni ya kumaliza akiba ya kapasita ili kifaa kianze upya kikiwa hakikumbuki chochote. Ukichomoa na kuchomeka harakaharaka, umefanya kilekile ilichofanya TANESCO.

Na vifaa hufaje, basi, kama umeme haukurudi na nguvu? Njia moja ni hii. Kapasita tupu ikipewa umeme hujaa kwa pupa. Ili kuizuia, televisheni na chaja nyingi nzuri huwekwa kidonge kilichobapa, mara nyingi cheusi au cha kijani, kimeandikwa kitu kama 10D. Kikiwa baridi kina ukinzani wa omu 10, hivyo hata umeme ukiingia ukiwa kileleni, volti 325, mkondo hauzidi ampia 33. Kifaa kikishawaka kidonge kinapata moto, ukinzani wake unashuka chini ya omu moja, na kinakaa hivyo bila kupoteza umeme mwingi. Ujanja mzuri, ila una sharti: kinahitaji kama dakika moja au zaidi kupoa. Umeme ukikatika kwa nusu sekunde, kapasita imekauka, tumeona inahitaji milisekunde 70 tu, na kidonge bado ni moto. Umeme uleule wa volti 230 unarudi na kukuta mlango uko wazi. Mkondo unaoingia kwa sehemu ya milisekunde unaweza kuwa mara nyingi zaidi ya zile ampia 33. Fyuzi inakatika, au diodi nne zinazopokea umeme mlangoni mwa kifaa zinapasuka. Umeme ungekatika dakika kumi, kifaa kingepona.

Friji nayo inafuata kanuni hiyohiyo kwa njia ya hewa. Kompresa inapofanya kazi, gesi upande mmoja ina shinikizo kubwa, upande wa pili dogo. Ikisimama, inachukua dakika tatu hadi tano pande hizo kulingana. Mota ya friji ya kawaida haina nguvu za kuanza ikiwa pande hazijalingana. Umeme ukirudi baada ya sekunde moja, mota inaunguruma, haizunguki, inavuta mkondo mkubwa na kupata joto, mpaka kikinga chake kikate kwa sauti ya "tik". Baada ya dakika chache kinapoa, kinarudisha, na kwa kuwa shinikizo limeshalingana, mota inaondoka. Friji nzima huvumilia hayo mara nyingi sana. Shida ni pale umeme unaporudi ukiwa mdogo. Nguvu ya kuanza ya mota hufuata volti kwa kipeo cha pili: kwa volti 160 unabaki na chini ya nusu ya nguvu. Hapo inaunguruma, tik, inaunguruma, tik, usiku kucha, na kila mara varnishi ya waya wa ndani inapikwa. Friji na viyoyozi vya siku hizi vingi vina ubongo wenye saa ndani, vinasubiri vyenyewe. Ile ya mtumba yenye kitasa cha kuzungusha haina.

Lakini nisije nikaonekana namtetea kila mtu. Umeme mkubwa upo, na ukija hauchagui. Radi ni mmoja wa wanaouleta, hasa masika. Ikinguruma karibu chomoa plagi, na chomoa pia waya wa dishi, kwa sababu radi haijali imeingilia wapi. Kinachoua vifaa vya mtaa mzima kwa mkupuo, hata hivyo, mara nyingi ni nyutro iliyokatika. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikiwepo, kila nyumba inapata 230 zake. Ikikatika upande wa transfoma, nyumba yako na ya jirani aliye kwenye fezi nyingine zinagawana zile 400 kulingana na mizigo yao: jirani aliyewasha pasi na jiko anabaki na kidogo, wewe uliyewasha televisheni pekee unapata karibu zote. Kapasita ya volti 400 ikipewa kilele cha zaidi ya 500 inapasuka, na harufu yake hamtaisahau. Dalili yake haifanani na kukonyeza. Taa za nyumba moja zinang'aa kupita kiasi, za jirani zinafifia, na hali hiyo haiondoki baada ya sekunde. Ukiiona usitafute rimoti. Nenda kazime meni swichi.

Sasa dukani. Watu wengi wakiunguliwa hununua stabilaiza. Ni kifaa kizuri kwa mwenye umeme mdogo wa kila jioni. Kwa umeme wa kukonyeza haisaidii, kwa sababu haina akiba. Umeme usipoingia haina cha kutoa. Tena zile za relei, zinazosikika zikigonga tak-tak, zinaweza kuongeza tatizo dogo. Umeme umeshuka hadi 180, stabilaiza imeupandisha kufika 230. Ghafla laini inarudi kwenye 240 na relei bado haijahama: kwa sekunde ile fupi kifaa chako kinapewa volti kama 307. Nzuri hukata kwanza. Uliza kabla ya kulipa.

UPS ina betri, na hiyo ndiyo dawa ya kompyuta ya mezani. Ya kawaida huchukua milisekunde kama 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri, na akiba ya kompyuta inavuka hapo. Kwa ruta, ziko UPS ndogo za volti 12 zinazokaa kati ya chaja na ruta yenyewe. Kwa maoni yangu hakuna pesa nyingine ya umeme inayotumika vizuri kama hiyo nyumbani. Kwa friji usihangaike na betri. Nunua ile friji gadi inayokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, na usiichomeke televisheni humo pamoja na friji. Asiye na pesa ana mkono wake: umeme ukikatika zima soketi ya friji na ya televisheni, acha taa moja ikuambie umerudi, kisha kunywa chai kwanza.

Ekstensheni yenye kinga ina kidonge kingine, varista, mara nyingi cha buluu, kinachomeza volti za ghafla zinazodumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Kila kinapomeza kinachakaa, na kwa nyutro iliyokatika kinaungua chenyewe. Na zipo nyingi sokoni zimeandikwa kinga huku ndani hakuna kitu ila taa nyekundu.

Jambo moja la hesabu za wakubwa. Mashirika ya umeme duniani hupimwa kwa mara ngapi na kwa muda gani mteja amekosa umeme, na wadhibiti kama EWURA wetu huangalia takwimu za aina hiyo. Lakini katika viwango vinavyofuatwa sana, kukatika kusikozidi dakika tatu au tano huwekwa kando na kuitwa kwa muda mfupi, na kuyumba bila kukatika hakumo kabisa. Kuna mantiki: ile swichi inayojirudisha isiadhibiwe kwa kukuokoa na giza. Matokeo yake, laini inaweza kukonyeza kila jioni ya masika na ripoti ya mwaka ikawa safi. Mita za kisasa zina uwezo wa kurekodi kila kushuka kwa volti pamoja na saa yake. Sioni sababu ya kutoanza kuhesabu.

Kuna mama amenyanyua mkono tangu tuanze kuongelea friji, anauliza: kifaa kikiungua, nitajuaje alaumiwe nani? Kipuri kilichokufa huwa kinasema, mama. Varista iliyopasuka na kuacha masizi inasema zilikuja volti kubwa kweli. Fyuzi iliyokatika na diodi zilizopasuka huku varista ikiwa nzima zinaelekea zaidi kwenye umeme uliorudi haraka, au kwenye ubovu wa kifaa chenyewe. Kapasita iliyovimba kichwa bila kupasuka ni uzee na joto. Kila nyuzi kumi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa karibu nusu, na televisheni yako ilikuwa njiani siku nyingi, umeme umeikamilisha tu. Mota ya friji yenye harufu ya varnishi iliyoungua ilipikwa polepole, si kwa siku moja. Kwa hiyo usichukue kifaa kilichotengenezwa ukaacha kipuri kwenye pipa la fundi. Mwombe akupe, kitie kwenye bahasha, andika tarehe na saa, andika na nyumba zipi nyingine ziliguswa. Kama ni nyumba tatu nne za mstari mmoja, nendeni ofisini pamoja na bahasha zenu. Kama ni yako peke yako, kabla ya kwenda popote mwite fundi mwenye leseni akague nyutro na ethi ya nyumba yako kuanzia kwenye mita, akaze kila skrubu.